Uzi: Kunasa hewa ya ukaa kwa kusaga. Kinu, unga, gesi na bili ya stima

KinuKizito

Nafungua uzi huu kwa sababu swali la kunasa hewa ya ukaa kwa kusaga mawe linaulizwa kila mara kwenye nyuzi za saruji, na kila mara linazama kwenye mabishano ya mikopo ya kaboni. Hapa tuzungumze kinu, unga, gesi na kipimo. Mikopo ina uzi wake.

Msingi kwa ufupi. Kemia ya kusaga, au mekanokemia, ni kufanya mmenyuko kwa kugonga na kusugua badala ya kuchemsha ndani ya kimiminika. Wengi hudhani kinu kinapasha joto tu. Sivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani M. Carey Lea alionyesha kwamba kloridi ya fedha ukiipasha moto inayeyuka na kubaki kloridi, lakini ukiiponda kwa nguvu inaanza kuvunjika. Mgongano ulifanya kazi ambayo moto haukuifanya. Mwaka 2019 IUPAC, shirika la kimataifa la kemia, iliitaja mekanokemia kati ya teknolojia 10 chipukizi za kemia, na siku hizi kila mtu anaiita "kijani".

Kwenye CO2, yaani hewa ya ukaa, kuna njia mbili, na tafadhali tusizichanganye. Ya kwanza: unasaga ili kupata sponji, yaani unga wenye vishimo vidogo sana unaoshika gesi na kuiachia baadaye. Ya pili: unasaga madini yenye kalsiamu au magnesiamu mpaka CO2 inageuka kaboneti, inakuwa jiwe, hairudi hewani. Uzi huu ni wa njia ya pili hasa.

Njia ya kawaida ya kugeuza olivini (madini ya magnesiamu na silika) kuwa kaboneti inataka chombo cha shinikizo chenye karibu 185 °C na CO2 ya atmosfia 150 hivi, ndani ya maji yenye bikaboneti ya sodiamu na chumvi. Serpentini, madini mengine ya magnesiamu, ni mbishi zaidi: inachomwa kwanza kwenye zaidi ya 600 °C ili maji yaliyofungwa ndani ya fuwele yatoke. Kinu kinajaribu kukwepa hayo yote. Kinavuruga mpangilio wa fuwele, kinafungua uso mpya, na kinakwangua ganda la silika au kaboneti linaloziba punje kabla moyo wake haujaguswa na gesi.

Dari ya hesabu, kwa madini safi yaliyobadilika yote, ni hii: tani 1 ya CO2 inataka olivini tani 1.6, serpentini tani 2.1, wolastonaiti (madini ya kalsiamu na silika) tani 2.6, au chokaa iliyozimwa tani 1.7. Mtu akikutajia matokeo yaliyopita dari hiyo, amepima maji.

jiko_la_makaa

Na jivu la jiko? Liko bure kila mtaa.

Mama_Periodiki

Kalsiamu iliyomo kwenye jivu la jiko tayari ni kaboneti kwa sehemu kubwa. Jiko halifiki joto la kuivunja na kuibakisha hivyo, na jivu likikaa nje siku mbili tatu linamalizia kunywa lenyewe. Utasaga kitu kilichokwisha shiba.

Swali la malighafi ndilo la kwanza, kabla ya kinu. Nairobi ina mawe kila kona, ila si ya kazi hii. Jiwe la Ndarugo ni jivu la volkano lililoshikamana, na balasti nyingi ya machimbo yetu ni fonolaiti na trakaiti. Hayo ni mawe yenye sodiamu, potasiamu na alumini nyingi, magnesiamu na kalsiamu kiduchu. Unaweza kusaga vumbi la machimbo wiki nzima usipate kaboneti ya kupimika. Huko Iceland, mradi wa Carbfix uliotangaza mwaka 2016 kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi iligeuka jiwe kwa chini ya miaka miwili, kilichowabeba ni basalti, si "mawe ya volkano" kwa jumla. Basalti ya Bonde la Ufa inafaa kwa namna hiyo ya kupigwa gesi chini ya ardhi. Kuichimba, kuileta mjini na kuisaga ni hesabu tofauti kabisa.

Takataka za chuma nazo zinataka tahadhari. Karatasi nyingi za nje zinazungumzia slagi, yaani masalio ya kuyeyusha chuma, ya tanuri za oksijeni au za arki, yenye kalsiamu tele. Viwanda vinavyoyeyusha vyuma chakavu kwa tanuri za induksheni zenye bitana ya silika hutoa slagi nyingine: silika, chuma na manganizi juu, kalsiamu chini. Kwa hiyo usichukue asilimia za karatasi ya Ulaya ukazibandika kwenye slagi ya hapa. Pima CaO (oksaidi ya kalsiamu) yako kwanza.

Kinachobaki, na kwa maoni yangu ndicho chenye maana hapa, ni konkriti ya majengo yaliyobomolewa. Lakini nayo usiisage yote. Konkriti yenye saruji kilo 300 kwa mita moja ya ujazo ina saruji kama asilimia 12.5 tu ya uzito. Kilichobaki ni balasti na mchanga visivyonywa chochote. Saruji yenye klinka tupu, yaani isiyochanganywa unga mwingine, ina CaO karibu asilimia 64. Ukizidisha, kilo moja ya konkriti nzima ina dari ya gramu 63 za CO2. Kama ilijengwa kwa saruji iliyochanganywa pozolana (unga wa volkano) asilimia 35, dari inashuka hadi gramu 41 hivi. Ndiyo maana unavunja kwa nyundo, unachekecha kwa chujio la milimita 0.5, unabaki na unga mzuri ambao saruji yake imekolea. Unga wenye CaO asilimia 20 una dari ya gramu 157 kwa kilo.

Halafu punguza kilichoshanyonywa. Ukuta wa miaka 30 umekuwa ukinywa hewa ya ukaa muda wote huo kutoka nje kwenda ndani, na saruji nyingine huwekwa chokaa mawe wakati wa kusagwa kiwandani. Hiyo ni kaboneti iliyokuwapo kabla yako.

GololiTatu

Mwalimu ameshamaliza unga, mimi niweke kinu. Kinu cha planetari cha maabara, chenye vikopo vinavyojizungusha huku vikizunguka kama sayari, ni kizuri kwa gramu 5, bei yake tuiache. Kwa gramu 250 kinu cha kubingirika kinachongwa kwa mafundi wa jua kali Kamukunji bila shida, vipimo hivi:

Kopo: bomba la chuma la inchi 4, kipenyo cha nje mm 114, cha ndani mm 102, urefu wa ndani mm 200. Ujazo unakuja lita 1.6. Mwisho mmoja unachomelewa, mwingine unawekewa flanji yenye boliti 6 na o-ringi. Chomelea ndani kwa ndani vipande viwili vya bapa, kimo mm 8, kwa urefu wa kopo. Bila hivyo gololi zinateleza tu ukutani hazipandi.

Spidi: kuna spidi ambayo gololi zinagandamana na ukuta hazianguki tena. Ni 42.3 ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha kopo kutoa kipenyo cha gololi, vyote kwa mita. Kwa kopo la 0.102 na gololi za 0.020 unapata mizunguko 148 kwa dakika. Unataka asilimia 65 hadi 75 ya hiyo, basi lenga 100 hivi.

Mota ya 0.37 kW, nguzo nne, inazunguka kama 1,440. Puli ya mm 50 kwenye mota, ya mm 250 kwenye rola: rola inapata 288. Rola ya mm 40 inalibeba kopo la mm 114: kopo linapata 101. Imekaa hapo hapo. Usivike rola mpira mnene kabla ya kupiga hesabu tena, maana unabadilisha kipenyo.

Gololi: theluthi ya kopo, ambayo kwa chuma cha mm 20 ni kama gololi 78, kilo 2.5. Unga gramu 250, yaani gololi kwa unga ni 10 kwa 1. Sehemu iliyobaki ni ya hewa. Anayejaza unga mpaka juu anapata mto wa kulalia gololi.

Gesi: mfuniko unatobolewa katikati, unafungwa kiungo kinachozunguka cha nusu inchi, bomba la kuingizia linapita katikati hadi karibu na mwisho wa pili. Gesi inatokea kwenye tundu hilo hilo kwa kuuzunguka mrija. Weka pamba ya glasi mdomoni, la sivyo unga unatoka nayo na kiungo kinakwama ndani ya saa moja.

Bahati_Beringi

Fundi, kwa nini hayo mabomba yote? Si unajaza kopo CO2 ya mtungi, unafunga, unasaga?

KinuKizito

Hili ndilo kosa la kwanza la kila mtu, acha nilipigie hesabu polepole.

Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni karibu kPa 83, si 101. Kwa nyuzi 25, lita moja ya CO2 inabeba gramu 1.47 tu, usawa wa bahari ingekuwa 1.80. Kopo la fundi lina ujazo lita 1.6, toa gololi na unga, inabaki kama lita 1.2 ya gesi. Hiyo ni gramu 1.8 za CO2. Unga wa gramu 250 wenye CaO asilimia 20 unaweza kunywa gramu 39. Umeupa kijiko ukitaka ushibe sufuria. Kwenye kikopo cha planetari cha mililita 50 ni mbaya zaidi: kinabeba gramu 0.07, wakati gramu 5 za olivini zinataka 3.1. Kisha mtu anaandika "olivini haifanyi kazi".

Kwa hiyo gesi lazima ipite. Gramu 39 ni lita 27 za hapa. Lita 0.3 kwa dakika kwa dakika 90 inatosha kwa hesabu kavu, ila si gesi yote inayoingia inayonaswa, kwa hiyo weka 0.5. Rotamita (kipimo cha mtiririko wa gesi) iliyochorwa kwa hewa haisomi CO2 sawasawa kwa kuwa gesi hii ni nzito. Ihakiki kwa povu la sabuni kwenye bureti na saa.

Na kabla mtu hajapendekeza: barafu kavu kwenye kopo lililofungwa, HAPANA. Gramu 1 ikigeuka gesi ndani ya mililita 50 inatoa karibu kPa 1,100. Gramu 2, mara mbili yake. Kikopo cha kawaida cha kusagia hakikuundwa kuhimili hiyo, na gololi zinaongeza joto juu. Kuna vikopo maalumu vyenye vali na geji; navyo huandikwa shinikizo lake. Kama chako hakijaandikwa, hakina.

Jambo dogo la geji: geji ikisoma sifuri hapa, ndani mna kPa 83. Unapobadilisha kuwa shinikizo kamili ongeza 83, usiongeze 101.

Mama_Periodiki

Niongezee maji, kwa sababu hapo ndipo kazi hufa kimya kimya.

Unga mkavu kabisa na CO2 kavu kabisa karibu havizungumzi. Gesi inagusa uso na kusimama. Mmenyuko unapita kwenye utando mwembamba wa maji juu ya punje: CO2 inayeyuka humo, kalsiamu inatoka, kaboneti inatua. Maji yakizidi, unapata uji unaoganda ukutani na gololi zinazama ndani yake bila kugongana.

Kwa unga wa konkriti anza na maji asilimia 8 hadi 10 ya uzito, yaani mililita 20 hadi 25 kwa gramu 250. Usianze na zaidi hata ukiona mkavu, kwa sababu chokaa iliyozimwa ikigeuka kaboneti inaachia maji yake: kila gramu 44 za CO2 zinazonaswa zinatoa gramu 18 za maji. Gramu 39 zikiingia, umejiongezea kama gramu 16 za maji bila kufungua bomba. Kinachofuata ni kile watu wanachokiita "kinu kimegoma" kwenye dakika ya 40.

Mpangilio unaokaa vizuri: dakika 30 za kusaga gesi ikipita, simamisha, fungua, kwangua ukuta na mabapa kwa spatula ya plastiki, funga, rudia. Mara tatu. Sikiliza mlio. Gololi zenye afya zinalia kama mvua ya mawe kwenye mabati. Mlio ukigeuka mzito, wa kugonga gunia, unga umeganda. Ukitoweka kabisa, puli inateleza. Gesi yenyewe ipitishe kwanza kwenye chupa ya maji ili isije ikaukausha unga, hasa miezi ya Januari na Februari.

Olivini ni habari nyingine. Hiyo saga kwanza kikavu, kwa nguvu kubwa zaidi ya kinu cha kubingirika, mpaka fuwele zivurugike, ndipo uipe maji na gesi. Kinu cha fundi kitaipunguza ukubwa lakini hakitaivuruga vya kutosha.

GololiTatu

Hapo mwalimu tunatofautiana kidogo. Kwa konkriti, kusaga na gesi kwa pamoja ni lazima kweli? Saga kikavu dakika 60, mwaga kwenye trei sentimita moja, weka ndani ya boksi lenye CO2 na beseni la chumvi iliyolowa ili unyevu ubaki karibu asilimia 75. Geuza kwa mkono kila baada ya saa chache. Hakuna kiungo cha kuzunguka, hakuna kuvuja.

Mama_Periodiki

Inafanya kazi, na kwa mtu asiye na kiungo kizuri ndiyo ningeanza nayo. Unachopoteza ni ule ukwanguaji. Punje ikijifunika ganda la kaboneti inajifungia, na kwenye trei hakuna wa kulivunja. Kwa punje ndogo za konkriti hasara ni ya kuvumilika, kwa wolastonaiti na olivini ni kubwa. Hivyo kila mmoja apime: sehemu mbili za unga ule ule, moja trei, moja kinuni, uzito wa CO2 mwishoni. Bila kipimo ni ubishi wa kijiweni tu.

TokeniZimeisha

Mmesema mengi lakini hakuna aliyegusa mita ya stima. Naingia.

Kinu cha planetari kinachokula 0.75 kW kwa saa 2 ni uniti (kilowati-saa) 1.5. Kikifaulu kabisa kwa gramu 5 za olivini kinanasa gramu 3. Hiyo ni uniti 500 kwa kilo moja ya CO2. Tuseme kila uniti ya gridi inabeba kilo 0.1 ya CO2, namba niliyoichukua kwa mfano tu na ni ya upole: umetoa kilo 50 ili kunasa 1. Hiyo haina kijani hata tone.

Kinu cha fundi: 0.37 kW kwa saa moja na nusu, uniti 0.55. Unga ukifika nusu ya dari, gramu 20. Uniti 28 kwa kilo, kilo 2.8 zinazotoka kwa 1 inayonaswa. Bado hasara.

Sasa pindua. Kusaga saruji kiwandani hula takriban uniti 30 hadi 40 kwa tani. Chukua 40, unga wa konkriti unaonasa kilo 80 kwa tani, hiyo ni nusu uniti kwa kilo ya CO2, gramu 50 zinazotoka kwa kilo inayonaswa. Hata ukisaga laini zaidi kwa uniti 100 kwa tani, bado ni gramu 125. Mmenyuko ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kinu kikubwa kinagawanya umeme kwa tani, kidogo kinaugawanya kwa vijiko huku mota ikizungusha chuma kilichobaki kitupu.

Kwa hiyo yeyote anayeandika ripoti kwa matokeo ya planetari, aseme wazi kwamba amepima kemia, hajapima faida ya hewa. Na asitumie namba iliyoandikwa kwenye kibati cha mota. Weka mita ya plagi, mota ya nusu farasi isiyobebeshwa haili 0.37.

Mtungi wa CO2 nao uhesabiwe. Sehemu ya gesi inayouzwa Nairobi inatoka ardhini Kereita, Lari. Kuitoa chini, kuijaza mtungini, kuisafirisha na kuirudisha kwenye jiwe ni mazoezi mazuri ya maabara, lakini hujaondoa kitu hewani. Kwa majaribio sawa. Kwa madai, gesi itoke kwenye bomba la moshi.

Bahati_Beringi

Bosi, bas kinu cha posho? Kile kina mota kubwa na kinapitisha magunia.

TokeniZimeisha

Kinu cha posho ni cha nyundo, kinapiga mara moja na kutupa nje, na kinavuta hewa kama feni. Gesi haitakaa humo hata sekunde. Na ukishapitisha konkriti usikirudishe kwenye mahindi ya watu.

Shimo_Dogo

Kwa wale wa sponji, nisiwaache hivi hivi. MOF, yaani sponji za fuwele za metali na molekuli za kaboni, ndizo zilizowapa Kitagawa, Robson na Yaghi Nobel ya Kemia mwaka 2025, na nyingine zinatengenezwa kinuni bila sufuria za kimumunyisho. Mfano HKUST-1, MOF ya shaba: asetati ya shaba yenye maji gramu 0.599, asidi ya trimesiki gramu 0.420, ethanoli mililita 0.5, dakika 20 hadi 30 kwenye kinu cha kutikisa. Unga unageuka samawati na kopo linanuka siki. Siki hiyo ndiyo ishara kwamba asetati imeachia. Osha kwa ethanoli mara mbili tatu, kausha kwa vakyumu kwenye 150 °C mpaka uwe zambarau iliyokoza. Dari ya mavuno ni gramu 0.605.

Makosa mawili. Watu hutumia spiriti ya dukani, ina maji na rangi. Na wanaacha unga wazi mezani: rangi ikirudi samawati, umekunywa unyevu wa hewa na nafasi za CO2 zimeshikwa na maji. Halafu ZIF-8, MOF ya zinki ambayo ni rahisi zaidi kutengeneza kwa oksaidi ya zinki, haishiki CO2 nyingi kwenye shinikizo dogo. Urahisi wa kuipika usiwadanganye.

jiko_la_makaa

Magadi je? Ziwa zima liko hapo Kajiado.

Mama_Periodiki

Swali zuri hili. Kaboneti ya sodiamu iliyochomwa inashika CO2 pamoja na maji ikawa bikaboneti: gramu 0.415 kwa gramu, na ukiipasha moto inaiachia. Ni sponji, si jiwe. Magadi ghafi ni trona, ambayo nusu yake tayari ni bikaboneti. Nafasi iliyobaki ni gramu 0.195 tu. Choma kwanza trona iwe kaboneti, saga, ndipo uipe gesi yenye unyevu. Kuganda kwake kinuni ni kubaya kuliko konkriti, kwa hiyo gololi chache kubwa na vipindi vifupi vya dakika 10.

KinuKizito

Nimeombwa kipimo. Wengi hatuna TGA (mizani inayopima uzito unaopotea unga ukipashwa joto), na hata aliye nayo aangalie: kwa kalsiamu, haidroksaidi inapoteza maji karibu 400 hadi 480 °C na kaboneti inaachia gesi karibu 650 hadi 850, zinatengana vizuri. Kwa magnesiamu zinapandana, hapo TGA peke yake haitoshi. XRD (kipimo cha fuwele kwa miale ya X) inaona kalsaiti, kaboneti ya kalsiamu, kwenye 29.4° na magnesaiti, ya magnesiamu, kwenye 32.6°, lakini kaboneti isiyo na fuwele haionekani, na kinu kinapenda kutengeneza hiyo hiyo.

Njia ya asidi na gesi inatosha. Gramu 1 ya unga mkavu kwenye chupa, mililita 20 za asidi ya haidrokloriki ya molari 2 kwenye kikombe kidogo ndani, funga, inamisha, soma gesi kwenye bureti iliyopinduliwa ndani ya maji yaliyoshiba chumvi na kutiwa asidi kidogo. Maji matupu yanameza CO2 yako.

Sasa mtego wa Nairobi. Gramu 1 ya kaboneti safi ya kalsiamu inatoa moli 0.01. Kitabu cha shule kinasema lita 24 kwa moli, kwa hiyo mililita 240. Hapa, kPa 83, toa kPa 3 za mvuke kwenye nyuzi 25, utasoma karibu mililita 310. Ukitumia namba ya kitabu umejipandishia matokeo kwa karibu asilimia 29 bila kunasa chochote. Dawa: kila asubuhi endesha gramu 0.5 ya kaboneti safi kwanza, na ulinganishe unga wako na hiyo. Mwinuko, joto na mvuke vyote vinajifuta.

Mtego wa pili ni chuma. Gololi za chuma kwenye unyevu na CO2 zinalika, na asidi ikigusa chuma inatoa haidrojeni, ambayo bureti haiwezi kuitofautisha. Miligramu 56 za chuma zinajifanya miligramu 44 za CO2. Pitisha sumaku kwenye unga kabla ya kupima. Kama kazi ni ya kuchapishwa, tumia gololi za zirkonia, kopo lenye bitana ya zirkonia au alumina, au pitisha gesi kwenye mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi: kinachobaki bila kumezwa si CO2.

Na kila kundi la majaribio liwe na mapacha matatu: unga haujasagwa, unga umesagwa ndani ya naitrojeni au agoni na maji yale yale, unga umesagwa na CO2. Jibu lako ni la tatu kutoa la pili. Uzito wa kopo kabla na baada usiutumie kama ushahidi, maji na kutu vyote vinapima.

Bahati_Beringi

Chokaa ya hadweya inafaa kama unga wa kufanyia mazoezi?

KinuKizito

Inafaa, ila ijaribu kwanza. Mfuko uliokaa wazi umeshakuwa kaboneti, na nyingine zinazouzwa za kupaka ukuta ni unga wa mawe ya chokaa tangu mwanzo. Koroga kijiko kwenye maji, weka karatasi ya pH: 12 na zaidi ni hai, 9 na kitu imekufa. Na usiidai kama kunasa ukaa. Chokaa ilichomwa kutoka kwenye mawe, ikatoa CO2 ile ile pamoja na ya kuni au mafuta ya tanuri. Hapo unarudisha deni tu, tena si lote.

GololiTatu

Usalama kwa haraka. Fungua kopo chini ya feni ya kutolea nje au nje kabisa; CO2 ni nzito, inakaa chini, na chumba kidogo chenye lita 0.5 kwa dakika kinahitaji dirisha wazi juu na mlango wazi chini. Vumbi la konkriti lina kwatzi, barakoa ya kitambaa haifai, vaa ya N95 au zaidi na uchekeche ukiwa umelowanisha. Serpentini usiinunue kwa mtu asiyejua madini yake: ikiwa na krisotili, hiyo ni asbesto, na kuisaga ndiyo namna mbaya zaidi ya kuishika.

Stima ikipotea katikati: funga vali ya mtungi kwanza, kisha fungua kopo na kwangua. Ukiacha mpaka kesho, konkriti iliyolowa na kunywa gesi inashika gololi na ukuta kama saruji mpya, na utazitoa kwa patasi moja moja.

TokeniZimeisha

Kutu ya kwenye flanji je, o-ringi ipi?

GololiTatu

Nitraili inatosha, asidi ya CO2 na maji ni hafifu. Paka grisi ya silikoni kidogo, na usafishe unga kwenye mfereji wa o-ringi kila ukifungua. Kinachovuja hapo mara nyingi ni punje moja ya mchanga, si o-ringi. Jaribu kwa kuzamisha kopo kwenye ndoo ukiwa umelipa gesi kPa 20 za geji. Povu likitoka, fungua ufute tena.